Vipindi Kumi na Sita

Mimi ndiye niliyeitoa sahani ya buluu kidakani
nikaweka tivii.
Sahani ile ilitoka China kabla ya bibi wa bibi yangu.
Niliifunga kwa leso, nikaisukuma uvunguni,
nikamwambia mama: wageni ni wale wale,
hawa wa sasa wanasema tu.

Shangazi Mwanaesha akaja kuikagua eda,
akasimama ukumbini, mkono kiunoni:
"Arubaini haijaisha, nyumba inacheka Kichina?"
Mama, na nguo yake nyeupe, hakuinuka.
"Si Kichina. Kikorea.
Kaa, mama mkwe yuaja na bahasha."
Shangazi akakaa. Aliondoka saa tano.

Miezi minne ya mwandamo na siku kumi:
usiku mia na ishirini na nane.
Kipindi kimoja kila baada ya isha,
kumi na sita mara nane.
Shekuwe wa duka la simu, kule Langoni,
alinijazia flashi, akiuliza kila mara,
"Ya kulia au ya kucheka?"
Ya kucheka, nikasema. Akatia ya kulia.
Alidai zote ni moja,
hutengana kipindi cha kumi na tatu.

Mama hasomi maandishi yale ya chini
yapitayo mbio kama siafu.
Basi nikawa mdomo wao.
Daktari wa Seoul akasema Kiamu:
"Ndoo mwavulini, utarowa."
Malkia akamtukana kijakazi
kwa matusi ya kisimani.

Ukiniuliza uanze na ipi, majina yamenitoka.
Najua alizopenda mama:
ile ya muuza tambi anayekula wa mwisho,
kwenye kifuniko cha sufuria;
ile filamu ya Japani isiyo na kisa,
mzee aosha mchele, treni yapita, aosha mchele.
Mama alinyamaza hadi mwisho, kisha:
"Hii ndiyo kweli."
Na moja ya Kichina, ya marehemu baba,
mabwana wa panga wakiruka juu ya vigae.
Baba alikuwa akisema, huyo akiruka toka Mkomani
atatua sokoni juu ya punda wa mtu.
Tuliitazama usiku wa arubaini.
Pale pa punda mama alicheka peke yake,
akakohoa kuficha.

Lakini nilidanganya.
Mwanajeshi wa tamthilia ya tatu hakusafiri.
Msichana wa ya tano hakupona.
Kila aliyekufa nilimkatia tiketi.
"Amekwenda wapi?"
"Busan, mama."
Busan ikajaa.

Usiku wa mwisho, kipindi cha mwisho,
stima ikakatika.
Mtaa mzima ukasema "aaa" kwa pamoja.
"Nambie mwisho," akasema mama.
Nilikuwa nimeshauona, kwenye simu ya Shekuwe,
nipate kuutayarisha uongo.
"Anapona," nikaanza, "anapanda treni..."
"Ya Busan?"

Kiza. Sikuuona uso wake.
"Zulfa. Mwanamke akitia utepe mweupe nyweleni,
watu wakainamia picha yenye maua,
hiyo si tiketi.
Mato yangu hayasomi. Hayakupofuka.
Mara hii nambie kweli."

Nikamwambia.
Kwamba alikufa alfajiri, hospitali,
mkewe akiwa ameshuka kununua chai.

Punda akapita chini ya dirisha, akaishia.
"Mimi nilishuka kutafuta maji ya moto,"
akasema mama. "Niliporudi, tayari."
Hakuwa amenambia.

Asubuhi akaoga, akajifukiza, akaomba buibui.
Mlangoni akageuka:
"Mwambie Shekuwe atie nyingine.
Na ile sahani itoe uvunguni,
ikae na watu wa kwao."

Nimejaribu kulia, nimejaribu kushoto.
Kidaka hakivitoshi vyote viwili.
Sahani iko mapajani mwangu,
na kipindi cha kwanza kimeshaanza.