Chini ya Mgongo

Toroitich aliingia na mizani ya sukari
aliyoiazima kwa Gathogo, akaiweka juu ya cherehani yangu.
"Kemunto, nishonee blanketi la kulala nje.
Lisizidi nusu kilo."
Nikacheka. Hapa Molo, mwezi wa saba,
tunalala na mablanketi mawili, sweta na soksi,
na bado alfajiri meno yanashona yenyewe.

Yeye huhesabu miti huko juu, msitu wa Mau,
siku nne kwa siku nne.
Chini ni maji na siafu,
kwa hiyo hulala hewani, ndani ya machela
iliyofungwa mwerezi kwa mwerezi.

Machela niliyoijua mimi ilikuwa shuka na miti miwili:
mama akishushwa usiku kutoka Keringet,
wanaume wanne wakipokezana mabega.
Sikumwambia. Nilichukua futi, nikampima.

"Baridi ya machela haitoki juu," alisema,
"hukujia kwa chini, kama mwizi wa kuku.
Nimejaribu gunia. Nimejaribu sponji.
Nimejaribu sufu ya kondoo wetu: ikinyeshewa
inakuwa na uzito wa kondoo mzima.
Na blanketi, ukililalia, linakufa."

Jumanne tukaenda mitumba.
Tukapata jaketi tatu zilizovimba kama maandazi,
moja na damu kavu mfukoni, hatukuuliza ya nini.
Nikazipasua. Ndani, manyoya ya bata,
laini hata vidole havikujua vimeshika kitu.

Nikashona vyumba ishirini na vinne,
vimelala sambamba kama matuta ya viazi,
kila kimoja kikisubiri kujazwa konzi moja na nusu.
Tulikuwa kwenye cha tisa
Gathogo alipofungua mlango kwa kishindo
kudai mizani yake.

Ule upepo!
Manyoya yakapanda mpaka kwenye mabati,
yakakaa huko, hayana haraka ya kuwa mali ya mtu.
Gathogo, na nyusi nyeupe ghafla,
akasahau alichofuata.
Tuliokota mpaka taa ikazimika.

Jioni ya Jumamosi tukaitundika nyuma ya duka,
kati ya nguzo ya tangi na mkrismasi.
"Panda wewe," akasema. "Kitanda usichokilalia..."
"Hujui kunguni wake," nikamalizia,
na kilo zangu themanini na mbili zikapanda,
kamba zikilia, majirani wakichungulia uani.

Blanketi lilining'inia chini yangu, halinigusi.
Nikadhani hilo ndilo kosa. Nikavuta kamba, nikalikaza,
likanibana vizuri,
na baridi ikanishika figo.
"Legeza," akasema.
Nikalegeza vidole viwili.
Bado.
Vidole vitatu.
Na hapo, taratibu, kama chai inavyoteremka kifuani,
mgongo wangu ukaanza kusahau.

Kumbe si manyoya yanayopasha.
Ni hewa iliyozuiwa isitoke,
hewa isiyokandamizwa na mtu yeyote.
Nilitazama mkrismasi ukiyumba, au mimi nikiyumba,
nikafikiria ile shuka.
Chini yake hapakuwa na kitu.
Tulimfunika mama juu, tabaka juu ya tabaka,
leso, koti la baba, hata mfuko wa mbolea,
na upepo wote wa Keringet ukapita mgongoni mwake
njia nzima, na hakuna aliyejua
kuweka mkono pale.

"Umelala?" Toroitich akauliza.
Nikasema manyoya yameniingia machoni.

Tukalikunja, likaingia ndani ya mfuko wa unga wa kilo mbili.
Mizani ikasema gramu mia tano na arobaini.
"Arobaini zimezidi," akasema, akanilipa zote,
akapanda na gari la mbao kabla jua halijachomoza,
ukungu ukiwa bado umelala juu ya pareto.

Hajaniambia kama lilimfaa.
Alirudi tu mwezi wa nane, akataka la pili,
la mwenzake, mrefu kidogo.

Mpaka leo cherehani ikiruka mshono
nafungua kikasha cha bobini,
na unyoya mmoja unatoka,
unasimama hewani mbele ya uso wangu,
ukingoja nipumue.