Dakika Nzima

Barua ilinifikia Jumanne, imekunjwa mara tatu,
nikiwa wodi ya pili natafuta mshipa wa mzee wa Mtongwe
aliyekuwa akilalama kwamba chai yetu
ni maji yaliyoyaona majani kwa mbali.
"Tunayo furaha," ilianza.
Nikaitia mfukoni, pamoja na mkasi na plasta.
Furaha yao ingengoja. Dripu haingoji.

Usiku, Bombolulu, stima imepotea,
nikaisoma kwa tochi ya simu.
Meneja wa Uuguzi. Ofisi yenye mlango.
Mshahara kupanda elfu kumi na mbili.
Mama akapiga kigelegele,
jirani akauliza dirishani nani anaolewa.

Mimi nikachukua boksi tupu la glavu,
nikalipasua, nikaandika upande wa ndani.
Toa posho ya usiku: elfu tisa.
Toa ya sikukuu, elfu mbili na mia nne,
maana meneja siku ya Idi yuko kwake
akipigiwa simu, na simu haina malipo.
Toa ya hatari, elfu tatu,
kana kwamba sindano humchoma mtu kwa kuangalia cheo.
Toa elfu ya sare; nguo za ofisi nikajitafutie Kongowea.
Nikajumlisha. Nikarudia.
Nilikuwa nimepandishwa ngazi
nikishushwa shilingi elfu tatu na mia nne.

"Mejumaa, usiichezee riziki."
"Riziki ni ya Mungu, Mama.
Karatasi hii ni ya Bwana Mwachiro."

Alhamisi nikapanda ghorofa ya nne.
Kiyoyozi, kaimati kwenye sahani, tabasamu.
"Sista, hili ni jina kubwa."
Kubwa, nikasema, lakini dukani kwa Bawazir
unga haupimwi kwa jina.
"Bajeti imefungwa."
Hata stoo ya damu niliambiwa imefungwa,
saa tisa usiku, mzazi anavuja mezani.
Ilifunguliwa.

Nikamwekea kipande cha boksi mbele yake.
Akakisoma kwa kidole, kama anayesoma deni la mtu mwingine.
Nikasema: elfu ishirini na nane. Si kumi na mbili.
Kisha nikanyamaza.

Hapa ndipo tunapoharibu.
Tunataja bei, halafu tunaiombea radhi.
Lakini mpigo wa moyo haupimwi kwa pupa:
vidole viwili, saa, dakika nzima,
na usimsemeshe mgonjwa.

Nikautazama mshale wa sekunde ukutani.
Kumi na tano. Akasogeza kalamu.
Thelathini. "Uuguzi ni wito, Sista."
Wito naujua. Umeniita miaka kumi na mmoja
na sikuwahi kuujibu kwamba umekosea namba.
Lakini hilo sikulisema.
Arobaini. Huko chini getini
askari alikuwa anazozana na mwenye tuktuk.
Hamsini. Akala kaimati moja, akajuta,
shira imemganda vidoleni.
Hamsini na saba.
"Naweza kufika ishirini na nne."
Na simu za usiku?
"Tutaliangalia."
Liandikwe.
"Wiki ijayo—"
Leo, Bwana Mwachiro. Kalamu unayo.

Sikupata yote. Ya sare ilipotelea njiani,
na sahihi yake ilikuwa na alama ya shira.

Niliporudi wodini, Nyevu,
atakayezirithi zamu zangu za usiku,
akaninong'oneza: "Wamekupa ngapi?"
Tumelelewa tufiche mshahara kama ugonjwa wa aibu.
Nikamtajia. Shilingi zote, na nilivyozihesabu.
Nikampa na kile kipande cha boksi.

Maana iko siku atazipanda ngazi zile
anikute mimi nyuma ya meza, kiyoyozi kikivuma,
nami nimekwisha kufundishwa kusema bajeti imefungwa.
Siku hiyo, Nyevu, usinionee haya.
Taja. Kisha nyamaza.

Alitaka kuniuliza jambo,
lakini mzee wa Mtongwe alikuwa akiita:
dripu imekwisha, na chai,
kwa mara ya kwanza, ina rangi.