Asilimia Ngapi

Kiti kimefika Malaba tangu Jumanne,
kimeviringishwa nailoni kama maiti ya tajiri,
na karani wa forodha anasema kina kodi.
Nikamuuliza: hata kiti cha asiyetembea?
Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza.
"Mama, msamaha upo. Lakini msamaha huombwa."

Usiku kucha neno hilo likanikaa kooni
kama mwiba wa ngege.
Msamaha.
Tumemkosea nani?

Kurasa nne, zote za Kiingereza.
Ofwono alizigeuza kwa vidole vya saruji
akaacha alama ya kijivu penye sahihi,
kisha akafanya tunachofanya siku zote karatasi ikitushinda:
akampa Nyaketcho.
Naye, kalala kifudifudi mkekani, kalamu mdomoni,
akatusomea habari zake mwenyewe.
Jina la mlemavu. Jina la mlezi.
"Mtegemezi ni nani hapa?" akauliza,
"ni mimi, au ni nyinyi mnaosomewa?"
Tukacheka, sote watatu,
mpaka ukurasa wa tatu.

*Kiwango cha ulemavu, kwa asilimia.*

Daktari alikuwa mpole, sitamsengenya.
Alimgonga magoti kwa kinyundo cha mpira,
akamkunja, akamkunjua,
akaandika sabini.
Ofwono, ambaye maisha yake ni kupakia magunia,
akasimama.
"Kilo hamsini za saruji nazijua hata gizani.
Hii sabini ya mtoto ni ipi?
Ile thelathini iliyobaki ndiyo inayocheka?
Ndiyo inayonipigia hesabu za mshahara?"
Daktari akafunika kalamu yake.
"Mzee, nikipunguza, hampati."

Basi tukajifunza somo geni.
Miaka kumi na mmoja nimewaambia majirani: anaweza.
Anamenya viazi, anaweza. Anafua, anaweza.
Nilimwambia mwalimu mkuu, anaweza, mpaka akamwandikisha.
Sasa kwa mwenyekiti wa LC, mbele ya muhuri wake,
nikasimama kusema hawezi.
Kusimama, hawezi. Ngazi, hawezi.
Choo cha shule, hawezi peke yake.
Kila hawezi ilikuwa kweli
na kila moja ilinitoka kama uongo.
Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Mimi nimekwisha kuzaa, nikajiambia,
sasa nafichua cha nani?

Picha nayo: mwili mzima, waliagiza, miguu ionekane.
Nyaketcho akadai hereni zangu za harusi.
Kijana wa studio, nyuma ya soko, akamwambia apandishe sketi.
"Piga uso kwanza," akasema,
kwa sauti sikujua ameipata wapi.
Kijana akapiga uso. Kisha miguu.
Tukalipia mbili.

Barua ya hospitali, barua ya LC, picha, nakala tatu,
nauli ya bodaboda kwenda na kurudi,
naye katikati yetu, nimemfunga kwa leso
kama nilivyomfunga alipokuwa wa miezi sita,
isipokuwa sasa magoti yake yananifika mbavuni
na upepo wa malori unatutikisa.
Na kiti ghalani kinahesabiwa siku.
Hata kungoja kuna bei yake.

Karani alipekua polepole. Alipanga, akapangua.
Ukurasa wa mwisho akasita.
Pale penye *Maelezo mengine*,
ambapo mimi na Ofwono tuliacha wazi
kwa kuwa tulikuwa tumeishiwa na maneno,
palikuwa na mwandiko wa duara, wa kalamu ya kijani:

*Tafadhali kiwe na breki nzuri.
Kwetu ni chini ya mwamba wa Tororo, na njia ya shule ni mteremko.
Nataka kushuka mwenyewe.*

Alisoma. Alisoma tena, midomo ikimchezacheza.
Hakusema neno la kutufurahisha.
Alivuta kidau cha wino, akagonga,
akasema turudi Alhamisi.