Fungeni Mikanda

Rustavi, mji uliozaliwa na tanuri la chuma;
tanuri likazeeka, mji ukabaki na kikohozi
na soko la magari ya mitumba lisilo na ukingo.
Nyuma ya uzio, ambako gari haliuzwi tena
ila hukatwa vipande kama ng'ombe wa karamu,
ndiko nilikokwenda na toroli la kuazima
kutafuta paa.

"Unajenga nini, Tsira?" aliniuliza Badri wa vyuma chakavu.
Kituo cha basi.
Alicheka hadi sigara ikamdondoka.
"Kwa manispaa ipi yenye pesa?"
Kwa hii hii isiyo nazo.
Tangu utoto wangu tunaambiwa tukaze mikanda;
basi, nikasema, nipe mikanda.

Wahenga walinena: mtembea bure si sawa na mkaa bure.
Hawakulingoja basi namba saba
mwezi wa Januari, kwenye kona ya saruji,
upepo wa mto Mtkvari ukipekua makoti
kama askari anayetafuta alichokificha mwenyewe.
Pale hakuna mkaa. Pale husimamwa,
mfuko wa viazi katikati ya miguu.

Vioo vya mbele kumi na viwili vikawa paa.
Kimoja kina ufa wa umbo la buibui;
nilikipaka gundi, nikamwachia buibui makao yake.
Milango ya mashine za kufulia, ile ya duara,
nikaipachika upande wa upepo:
madirisha saba ya meli isiyokwenda popote.

Kiti ndicho kilichonikesha.
Mikanda mia mbili na kumi na mmoja,
nikaisuka ukili kwa ukili, huu juu, huu chini,
vidole vikanuka petroli na manukato ya watu.
Kila mkanda ulikuja na kifua chake:
huu una doa la mvinyo, ule umetafunwa na mtoto,
na mmoja
ulikuwa umekwisha katwa, kwa kisu, kwa haraka.
Sikumuuliza Badri. Sikuusuka.
Niliukunja, nikaulaza chini ya nguzo
kabla ya kumimina zege.

Karani wa manispaa alikuja na futi.
"Weka vyuma vya kugawa kiti, mtu asije akalala."
Na akilala?
"Atakuwa amelala," akajibu,
kana kwamba amesema: atakuwa ameua.
Nikajinyoosha chini, kwenye vumbi, mbele ya viatu vyake,
nikamwambia anipime.
Mita moja na sentimita sitini na nne.
Nikaongeza shibiri mbili kwa anayenizidi,
na vyuma vya kugawa sikuvitia.
Vifungo vya mikanda nilivisahau ukingoni,
kwa makusudi.

Siku ya kwanza hakukaa mtu.
Ya pili watoto walijifunga, klak, klak,
wakapiga honi kwa midomo,
wakafika Batumi na kurudi kabla ya kengele ya shule.
Ya tatu Makvala, muuza kachumbari,
aliifunga mkanda mitungi yake, yeye akasimama.
Mvua ya Oktoba ilipokuja, paa lilivuja
palepale kwa buibui.
Nilitukanwa na abiria wanne, na walikuwa na haki.
Nikapanda ngazi na gundi nyingine.

Kisha Disemba, theluji ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri.
Mwanamke nisiyemjua amelala urefu wote wa kiti,
viatu chini ya kichwa,
mkanda umepita juu ya koti na kufungwa,
kama mtu aliye safarini kwa mwendo wa kasi.
Zile shibiri mbili alizitumia zote.

Namba saba likaja.
Dereva akaziona taa zake zikimwangukia usoni,
akazizima.
Tukapanda kwa kunyata, watu wazima,
wezi wa asubuhi yetu wenyewe.
Nikakaa dirishani, mkono ukapapasa begani
kutafuta mkanda.
Basi halina.
Nikashika chuma cha kiti cha mbele, tukaondoka.