Tangi Nambari Tisa, Shimanzi

Kwanza iliingia mashine ya kunusa gesi, kwa kamba,
kama mtu anavyotanguliza fimbo kwenye nyasi ndefu.
Ilipokaa kimya nikamwambia Chengo: "Keti hapa tunduni.
Usiende chai. Usiende haja. Simu ikilia, iache ilie."
Akacheka. "Kwani humo ndani umemficha mume?"
"Kuna kifungu," nikamwambia, "kinasema usiondoke."

Ndani, Shimanzi yote inaisha.
Malori ya bandarini unayasikia kwa nyayo, si kwa masikio.
Harufu ya dizeli ni kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado viatu vyake viko mlangoni.
Nikawasha tochi, nikapaka jeli kwenye bamba,
nikabandika kichwa cha mashine, na chuma kikanitajia unene wake:
nane nukta moja. Nane. Saba nukta tisa.
Chuma hakina adabu ya pwani;
hukiulizi hali kikajibu "njema" nacho ni mgonjwa.

Kwenye mkanda wa pili, kando ya mshono wa wima,
nikaona alama iliyogongwa kwa nyundo: M 17.
Nikaifuta kutu kwa kidole gumba.
Kila fundi wa kuchomelea hugonga nambari yake ubavuni mwa kazi yake,
ili siku ikivuja ajulikane wa kuulizwa.
M ni Mwarandu. Kumi na saba ni baba yangu.

Niliupima mshono wake toka juu hadi chini,
polepole kuliko inavyotakiwa.
Miaka thelathini na minane. Haujafunguka hata unywele.

Hakufia humu. Alifia Jomvu, kwenye gereji ya magurudumu,
baada ya kampuni kumpunguza:
mtungi wa hewa wa lita mia mbili, hauna cheti, hauna bamba la jina,
na vali ya usalama imefungwa kwa waya
kwa kuwa mwenye gereji alichoka na kelele za kupumua kwake.
Waya ule niliuona. Ulikuwa wa hanga ya nguo.

Sakafuni mambo yalikuwa mengine.
Pale maji yanapotuama chini ya mafuta, upande wa kibla,
mashine ikasema nne. Nikafuta, nikapaka jeli upya:
tatu nukta nane. Nikasogea upana wa kiganja:
mbili nukta moja.
Kitabu cha viwango kina mstari wake, na hapa tulikuwa chini yake.
Nikazungushia chaki. Ikanasa kwenye kishimo, ikavunjika.

Nje, Bwana Taufiki alinisubiri, kalamu keshaifungua.
Meli imefunga Kipevu. Kila siku ya kungoja ina bei,
akaitaja kwa dola, kisha kwa shilingi, ili iniume mara mbili.
"Kuta nzima?"
"Nzima."
"Basi?"
"Sakafu haijapita."
"Mwaka jana ilipita."
"Mwaka jana nani aliingia?"

Akageukia ukuta wa zege unaolizunguka tangi.
Ng'ambo ya ua, mama wa viazi karai alikuwa anapepea jiko.
Sijui kama alimwona.
"Nyamawi," akasema, sauti ameilainisha,
"marehemu baba yako alikuwa mtu wa kuelewa."

Nilitaka jibu la kumkata. Halikuja.
Yalinijia majasho tu, na ladha ya chuma mdomoni.
Fomu ina kisanduku cha Sababu,
kidogo, cha maneno matano, kama aliyekichora hakutaka usumbufu.
Nikaandika: mbili nukta moja, kibla.
Nikatia sahihi, na chini yake nambari yangu ya leseni,
tarakimu moja moja, kwa kukandamiza,
hadi zikatokea upande wa pili wa karatasi.

Chengo alikuwa bado kaketi tunduni,
kamba mkononi, miguu ameibana.
"Dada," akauliza, "kifungu sasa kinaniruhusu kwenda haja?"