Hodi ya Tatu

Saa tisa usiku, siku nne kutoka Avatiu,
winchi inalia kama bawaba yenye kutu.
Waya umeteremka kilomita tano na ushei.
Tumekunywa chai, tumebishana juu ya raga,
Ruatoa amelala, ameamka, ameuliza, "Bado?"
Bado. Kamera ingali inazama.

Naitwa Tepaeru, wa Mangaia.
Kazi yangu ni ukarani wa sensa:
nahesabu wakazi kabla nyumba haijabomolewa.
(Kubomoa hakumo kwenye mkataba.
Mkataba unasema "hali ya awali".)

Taa inawaka kule chini. Hodi.

Sakafu inakuja, kahawia, laini,
na vinundu vyeusi vimetapakaa
kama viazi ambavyo mvunaji alivisahau.
Manganizi, nikeli, kobalti;
unene wa ukucha kwa miaka milioni.
Anapita jongoo bahari wa zambarau,
mkia juu, kama mtu aliyeudhiwa sokoni.
Nabonyeza: mmoja.
Jina? Hana. Naandika "Aina ya 41".
Hajui kwamba kuna arubaini mbele yake.

Asubuhi sanduku la chuma linarudi na tope.
Tunalichekecha ndani ya chumba cha baridi,
vidole vimekufa ganzi, vinanuka spiriti,
minyoo myembamba kama kope za mtoto.
Dokta Ingunn hutamka namba kwa sauti ya chini,
kama aliye msibani.
Mara moja tu alituonyesha picha:
njia ya mashine ya majaribio, bahari nyingine,
iliyopita kabla sijazaliwa.
Alama za meno yake zilikuwa mbichi,
ungedhani mtu kaondoka na reki yake
akanywe maji, arudi.

Hodi.

Kaka yangu Ngametua ameomba kazi kwa kampuni,
barua tatu, ya tatu nimemsahihishia mimi.
Simlaumu. Bati la mama limeliwa na chumvi,
na nusu ya shule yetu iko Auckland
inafunga masanduku ya kiwi ya watu.
Na simu niliyosahihishia barua
ina kobalti tumboni.
Naijua hesabu hii. Haitaki kulingana.

Hodi ya pili ilijibiwa na kiti cha pweza,
mikono mitano imetandazwa juu ya kinundu.
Nikacheka peke yangu mbele ya skrini:
kiti kipo, mwenye kiti yuko wapi?

Adabu inasema hodi ni tatu.
Usipoitikiwa, geuka, nenda zako.
Lakini nimekaa mikutanoni, nimewasikia
wenye tai wakisema kwamba kule hakuna mtu,
na kimya, kama ilivyo kwa bibi harusi,
ni ridhaa.

Usiku wa mwisho, mawimbi mita tatu,
nahodha anataka tupandishe vifaa.
Ingunn anaomba dakika ishirini.
Hodi.

Tope. Vinundu. Tope.
Vumbi la viumbe waliokufa juu, karibu yetu,
likishuka taratibu, ndicho chakula cha wiki.
Kisha bua la sifongo, limekauka,
limejishikiza kwenye kinundu kisichozidi ngumi,
na juu ya bua, ameviringika,
mweupe kiasi cha kuona kivuli cha moyo wake,
pweza.
Chini yake mayai. Nilihesabu thelathini,
nikapoteza, nikaanza upya.

Hakukimbia. Mwanga ulipomgusa
aliukunja mkono mmoja, akayafunika zaidi.

Ruatoa akasema, "Salama kweli."
Ingunn hakusema namba.

Jedwali langu lina safu ya kina,
ya joto, ya idadi, ya ukubwa kwa sentimita.
Nilitafuta pa kuandika ule mkono.
Winchi ikaanza kulia.
Kwenye safu ya maoni, ambayo hakuna anayeisoma,
niliandika: *mwenye nyumba yupo*,
nikahifadhi, nikaenda kushika waya.