Kumi na Sita

Sisi tunaotaniwa kuwa kwetu wanga huchezea uani,
tunaoulizwa na watu wa Bara, "Mpemba, usiku mnalala kweli?",
mie leo, saa tano, Utaani, Wete,
naogopa vidoti.

Nimemkuza kwenye skrini nikamhesabu:
vinne nywele, viwili macho,
sita gauni, viwili mikono, viwili miguu.
Mdomo hana.
Aliyemchora labda alichoka,
au alijua.

Anatembea ukumbini,
ta, ta, ta, kama bomba letu la uani
lisilofungika tangu Ramadhani.
Taa yake haimuliki zaidi ya hatua tatu.
Baada ya hapo ni kiza, rangi moja tu,
na katika nyumba nzima hicho ndicho
kilichochorwa kwa mkono usiotetemeka.

Kuna saa isiyo na akrabu.
Kuna kinanda kilichong'oka jino.
Kuna barua chini ya kitanda: *Usihesabu milango ukirudi.*
Nikahesabu.
Kwenda saba. Kurudi minane.

Na mbele ya ule wa nane, sakafu.
Viraba vyeusi na vyekundu, ukuta hadi ukuta.
Usiku wa tisa huu nakwama hapa.
Nimevichora nyuma ya daftari la madeni la duka,
nimempigia Shaame, Mkoani; kaniambia,
"Piga kichwa ukutani, ndio ujanja wenyewe."

Shangazi Bikombo akaingia bila hodi,
simu mkononi, umeme wa kwake umekwisha,
ukili kwapani, vidole vinasuka vyenyewe.
"Nani analia humu?"
"Gemu, shangazi."
"Gemu nalo lina cha kulilia?"
Akakaa. Ananukia ukindu uliochemshwa,
kucha za zambarau.

"Sakafu hii kasuka nani?"
"Haikusukwa. Imechorwa."
"Imesukwa, na imeharibiwa. Tazama:
mbili juu, moja chini, mbili juu, moja chini,
hapa kapitisha tatu.
Ningekuwa mie ningefumua."

Nikamsimamisha msichana juu ya kile cha tatu.

Kitu kikanyamaza.
Ndipo nilipojua kwamba siku zote tisa
kulikuwa na mvumo chini ya muziki,
kama friji, husikiki mpaka uzime.
Mlango ukafunguka. Ndani, ile rangi moja.

Ukili umeanguka miguuni mwa shangazi.
Nje ya sala, sijapata kuiona mikono yake mitupu.
"Usiingie," akasema.
Kisha: "Haya, ingia. Taratibu. Mshike mkono."
"Hashikiki, ni vidoti."
"Basi vishike vidoti."

Umeme ukakatika.

Hutoka Tanga umeme wetu, chini ya bahari,
na huko njiani unajua wenyewe unakutana na nini.
Betri ya laptopu ilikufa zamani, naishi kwa waya.
Wete nzima ikawa hatua ya nne.
Kwenye kioo cheusi nilituona sote wawili,
halafu hata sisi tukapotea.

"Na yeye?"
"Nani?"
"Mtoto. Umemwacha wapi?"
"Sikuhifadhi, shangazi. Itabidi nianze mwanzo."
Akafyonya. Ule mfyonzo wa msibani,
unapokuta maiti ameachwa peke yake chumbani.
Akaondoka, simu kaisahau.

Wiki mbili baadaye kautandika juani
mkeka wa harusi ya Raya.
Mzuri, kila mtu kausifu, watu wanapita wanaushika pindo.
Mie nilichutama kwenye pembe, upande wa ukutani,
palipokuwa na alama nyeusi ndogo
ambayo mgeni angedhani ni kosa.

Nywele nne. Macho mawili.
Sita, mbili, mbili.
Nikarudia, maana haikuwa kumi na sita.
Chini ya macho, mmoja, mwekundu:
kamtilia mdomo.

Gemu sijalifungua tena.
Lakini usiku bomba la uani likianza, ta, ta, ta,
nakaa kitandani
nasubiri aseme.